Kora ya Toumani Diabaté: huyu ni mtu mmoja kweli? Na jeli (griot wa Mali) anaishije kwa ala moja maisha yote?

mjukuu_wa_kanyigo

Wakuu habari za mida hii. Naomba mnisaidie kitu maana kimenikaa kichwani wiki ya pili sasa na mtaani kwangu hamna wa kumuuliza. Nlikua natoka Bukoba kurudi Dar, usiku, basi zima limelala, dogo niliyekaa nae siti moja akanipa upande mmoja wa hedifoni akasema broo sikiliza hii. Nikasikia kitu kama kinubi, kuna besi inatembea chini taratibu, kuna mzunguko katikati unarudi palepale kila mara, halafu juu nyuzi zinakimbia zinashuka kama mtu kamwaga punje za mahindi kwenye sinia. Nikamuuliza hawa ni watu wangapi, akasema mmoja. Nikabisha. Akanionyesha simu, imeandikwa Toumani Diabaté, The Mandé Variations, 2008, akasema huyo ni Mmali na ala yenyewe inaitwa kora. Nilipofika Dar nikaanza kumtafuta nikakuta ameshafariki, Julai 2024, yani nimemjua mtu akiwa ameshaondoka, iliniuma kama nimefika msibani watu wameshatawanyika.

Sasa nnachouliza. Kwanza mtu mmoja anapigaje vile, vidole kumi vinatosha? Pili nasoma kwamba hawa griot wa Mali, yani wanamuziki na watunza historia za koo, wanazaliwa kwenye hiyo kazi, sasa hapo unafundishwa na baba au inakuja vipi, na je ukizaliwa humo halafu hutaki? Na kikubwa zaidi, mtu anaishije, analipa kodi, anasomesha watoto, kwa kupiga ala ya jadi tu, bila gitaa bila kinanda?

Nauliza kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwa anapiga enanga. Ambao hamuijui, ni ubao umechongwa kama sinia refu, uzi mmoja mrefu unazungushwa unaenda unarudi mpaka unapata nyuzi kadhaa. Alikuwa anaitwa kwenye harusi na kwenye mikusanyiko ya wazee, anaimba habari za Rukiza, shujaa wa hadithi za Kihaya, mpaka usiku wa manane, wanampa rubisi (pombe ya ndizi) na hela kidogo, asubuhi anarudi shambani kwenye migomba yake. Alifariki 2009. Enanga yake iko ukutani kwa mama mdogo, uzi umekatika, na kati ya wajukuu kumi na nne hakuna hata mmoja aliyejifunza, mimi nikiwemo. Nlikua na umri wa kujifunza, sikuona maana yake.

Karibuni.

Dada_Montreuil

Mdogo wangu pole na babu. Mimi mtu wa Tanga lakini nina miaka kumi na moja naishi Montreuil hapa pembeni ya Paris, na huku Wamali ni wengi sana, ukienda sokoni unasikia Kibambara kuliko Kifaransa, kwahiyo ntakujibu kwa nlichokiona kwa macho.

Jirani yangu alipata mtoto, siku ya kumpa mtoto jina akanialika. Kuna kijana kakaa pembeni kwenye kiti na kora yake, mi nikasogea mpaka karibu na magoti yake maana na mimi nlikua na swali kama lako. Vidole kumi havihitajiki, anatumia VINNE. Kora ni nusu ya kibuyu kikubwa mno kimewambwa ngozi ya ng'ombe, mpini wa mti umetoboa kibuyu umetokea juu, na nyuzi ni 21, kumi na moja upande wa kushoto na kumi upande wa kulia, zinapanda kwenye kidaraja kirefu kimesimama wima juu ya ngozi. Mpigaji anaigeuzia kora uso wake, anashika vijiti viwili vya pembeni kwa vidole vitatu vya kila mkono, na vinavyobaki huru ni gumba mbili na shahada mbili basi. Gumba ndio zinatembeza besi na ule mzunguko uliousikia, wenyewe wanauita kumbengo, na shahada ndio zinatoka mbio juu, hizo mbio zinaitwa birimintingo. Kwahiyo usiku ule kwenye basi hukukosea kusikia watu watatu, ni kwamba wote watatu wanakaa kwenye mikono ya mtu mmoja, na hicho ndicho wanachokisomea miaka na miaka, kuachanisha gumba na shahada kama vile sio za mtu mmoja.

Halafu hilo jina griot. Hilo ni la Kifaransa, wenyewe kwa Kibambara wanasema jeli, Gambia wanasema jali. Ni koo, sio cheo, ukisikia mtu anaitwa Kouyaté, Diabaté, Sissoko, basi ujue katokea kwenye jeli, na zamani walikuwa wanaoana wenyewe kwa wenyewe, kama wahunzi na mafundi wa ngozi nao walivyokuwa na koo zao. Wanahesabu kuanzia Balla Fasséké Kouyaté aliyekuwa jeli wa Sundiata Keita karne ya 13, yule aliyeanzisha dola ya Mali. Kazi yao sio muziki peke yake wala usidhani hivyo. Jeli anashika ukoo wako kichwani, babu wa babu yako alifanya nini, alipigana na nani, alimsamehe nani. Familia mbili zikigombana anatumwa jeli akaongee, kijana akitaka mchumba jeli ndio anatangulia. Na anaweza kumwambia mkubwa neno ambalo mtu mwingine angelimeza. Wana na utani pia baina ya koo, kama Wachaga na Wapare kwetu, wanauita sanankuya, na jeli anaujua wote nani mtani wa nani.

Sasa hela. Siku ile ya jina, mama mmoja mwimbaji alisimama akaanza kumtaja bibi wa mtoto, akapanda kwa baba wa bibi, akapanda tena juu, kora inamfuata taratibu chini yake. Bibi alikuwa anacheka mwanzoni, ilipofika kwa mtu fulani kwenye ukoo wake akanyamaza, akaanza kulia, akafungua pochi akatoa noti zote zilizokuwemo, na dada zake nao wakatoa. Mi nlidhani ni kutunza tu kama kwetu kwenye taarabu, nikaambiwa hapana, pale analipa deni, huyu amemrudishia watu wake. Kwahiyo ukiniuliza jeli anaishije, wengi wanaishi hivyo, harusi na siku za majina, wikiendi hadi wikiendi, hapa Ufaransa na kule Bamako, mji mkuu wa Mali. Na hiyo kazi ni ngumu na inakatika kirahisi, 2012 kaskazini ya Mali wenye silaha walipiga muziki marufuku kabisa, na mwanzoni mwa 2013 ikatangazwa hali ya hatari nchi nzima, mikusanyiko ikazuiwa hadi Bamako, jirani yangu anasema ndugu zake walikaa nyumbani vyombo vikiwa vimefunikwa nguo, hamna harusi hamna chakula.

Habari za Toumani mwenyewe wapo humu wanaomjua kuliko mimi.

MzeeKaseti

Mwanangu umefanya vizuri kuuliza na usijilaumu sana kuhusu babu yako.

Mimi nimemfuata huyu bwana tangu miaka ya tisini. Toumani alizaliwa Bamako Agosti 1965, baba yake ni Sidiki Diabaté ambaye Mali nzima walikuwa wanamwita mfalme wa kora, mama yake mwimbaji, wote wawili walikuwa kwenye bendi ya taifa ya ala za jadi iliyoundwa baada ya uhuru. Sasa kwa nyumba kama hiyo wewe unadhani mtoto kakalishwa mapajani anafundishwa, ndio swali lako, na jibu ni hapana. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba baba yake hakumfundisha. Mzee alikuwa safarini kila wakati. Mtoto alipata polio akiwa mdogo, mguu mmoja ukalemaa, akatembea na gongo maisha yake yote, na wakati wenzake wanakimbia mpira yeye yupo ndani na kora na santuri na redio, anasikiliza kora ya baba anatafuta, halafu anasikiliza miziki ya watu wa nje nayo anaitafuta kwenye zile nyuzi 21. Miaka 13 tayari yupo jukwaani na kikundi cha Koulikoro. Akiwa na miaka kumi na tisa hivi anampigia Kandia Kouyaté, mwimbaji mkubwa kabisa wa kike wa jeli wa wakati ule. Kwahiyo damu ilimpa nafasi ya kukaa karibu na kora, lakini mikono aliitengeneza mwenyewe, chumbani, na mimi hilo ndio naliona kubwa kuliko hizo hesabu za vizazi sabini vya wapiga kora kwenye ukoo wake ambazo kila gazeti linaziandika.

1987 akaenda London, akakaa, na akarekodi Kaira akiwa na miaka 22. Kora tupu. Hamna mwimbaji, hamna ngoma, kikao kimoja, hamna sauti iliyoongezwa baadaye. Ilitoka 1988. Elewa uzito wake, kora kwa mamia ya miaka ilikuwa inabeba sauti ya mwimbaji na sifa za ukoo, baba yake na wenzake walishatoa santuri ya nyuzi tupu mwaka 1970 lakini walikuwa kadhaa, huyu dogo kakaa peke yake akasema hii ala inatosha yenyewe. Na hilo jina Kaira ni amani, ni wimbo wa miaka ya 1940 ulioshikana na harakati za kupinga ukoloni wa Wafaransa, na Sidiki alikuwa mmoja wa waliokuwa mbele. Kwahiyo kijana kaanza kazi yake ya ulaya kwa wimbo wa baba, ila kaupiga kivyake.

Baada ya hapo hakukaa sehemu moja. Mwaka huohuo 1988 katoa Songhai na Waspanyola wa Ketama wanaopiga flamenko, 1999 katoa Kulanjan na Taj Mahal wa bluzi, halafu Roswell Rudd na trombone yake, Björk, Béla Fleck na banjo, mpaka okestra ya London, ile tamasha ya 2008 ilitoka kama santuri 2021. Zingine zimenikaa, zingine hapana, sitadanganya, ile ya okestra kwangu mavinanda mengi yanamfunika. Lakini mbili lazima uzitafute.

Ya kwanza New Ancient Strings, yeye na Ballaké Sissoko. Ballaké ni mtoto wa Djelimady Sissoko aliyepiga na mzee Sidiki kwenye ile ya 1970, nyumba zao Bamako zilipakana. Wamekua pamoja. Wakaingia ukumbini Bamako usiku wa tarehe 22 Septemba 1997, ambayo ni siku ya uhuru wa Mali, wakapiga kora mbili, Sidiki alishafariki mwaka uliotangulia. Usisikilize ukiwa unaosha vyombo, kaa chini.

Ya pili In the Heart of the Moon, 2005, na Ali Farka Touré. Walirekodia Bamako kwenye hoteli, Hôtel Mandé, kando ya mto Niger, bila mazoezi. Ali alikuwa mtu wa Niafunké kule kaskazini, mkulima, mpiga gitaa, wala SIO jeli, kwao kuzaliwa kwake hakukuwa kwa kuimba kwa malipo. Toumani jeli wa kusini. Wakapiga nyimbo za ujana wa Ali, nyingi ni za Kimande za kina Toumani. Ali anashika msingi anaganda nao, Toumani anaondoka anazunguka anarudi, na kuna sehemu unamsikia Ali anaguna kwa kuridhika. Ilipata Grammy Februari 2006, Ali akafariki Machi. Waliyorekodi ya mwisho pamoja London ikatoka 2010, nayo ikapata Grammy, mmoja hayupo.

Kuhusu kuishi, Toumani alikula kwa santuri na matamasha ya nje, ni kweli, lakini nyumbani Ijumaa usiku alikuwa anapiga klabuni Bamako, Hogon, na bendi yake ya Symmetric Orchestra yenye wanamuziki kutoka nchi zilizokuwa ndani ya dola la zamani la Mali, watu wanacheza hasa. Na akafundisha kora kwenye chuo cha sanaa cha Bamako, kile kilichopewa jina la Balla Fasséké aliyemtaja dada hapo juu. Ona hapo, mtu ambaye hakufundishwa na baba kaenda kufundisha watoto wa watu darasani.

Alifariki Bamako tarehe 19 Julai 2024, miaka 58. Mapema mno.

ngoma_huru

Nimesoma yote nashukuru ila naomba nibishe kidogo, mbona mnaongea kama kora ni ya wanaume tu? Mtafuteni Sona Jobarteh. Kazaliwa London 1983, ukoo wa Gambia, na hilo Jobarteh ni Diabaté hiyohiyo, Gambia ilitawaliwa na Waingereza wakaandika walivyosikia, Mali Wafaransa wakaandika walivyosikia. Babu yake Amadu Bansang Jobarteh alikuwa bingwa wa kora. Kwa mila wanawake wa jeli wanaimba, kora inashikwa na wanaume, yeye akaishika, akatoa Fasiya 2011, na Gambia ameanzisha shule ambapo watoto wanasoma masomo ya kawaida pamoja na muziki na historia yao, wasichana na wavulana.

Na sio huko tu, nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane nayo ilikuwa ya wanaume, akaja Mjapani mwanamke, Anyango, akaenda kijijini akajifunza mpaka akakubaliwa. Mimi nilipomwona anapiga nililia kwa kweli, dada zangu wa Siaya tumezaliwa nayo hatujawahi kuigusa.

Kwahiyo mjukuu, ukisema kati ya wajukuu kumi na nne hakuna aliyejifunza, wangapi hapo ni wasichana, na kuna aliyewahi kuwauliza?

Dada_Montreuil

@ngoma_huru asante sana hilo nililiruka. Yule mwimbaji niliyemsimulia ndio alikuwa anaongoza shughuli nzima, kijana wa kora alikuwa anamtazama yeye mdomo, asipopumua yeye kijana hahami. Watu wa nje tunaona kora kwa sababu inapendeza kwenye picha, lakini pale hela na machozi vilimfuata mwanamke.

Na mdogo wangu ulisema je ukizaliwa humo halafu hutaki. Wapo wengi hawapigi, nina mwenzangu kazini ni Kouyaté anaendesha treni, hajui hata kushika kora, lakini kwenye mgogoro wa jamaa zake ndio anaitwa aongee, hilo halimtoki. Na wapo wanaobadilisha, mtoto wa Toumani anaitwa Sidiki kama babu yake, ni staa wa muziki wa vijana Mali, kompyuta na midundo na kila kitu, halafu 2014 akakaa na baba yake wakatoa santuri ya kora mbili tupu. Kuna wimbo humo unaitwa Lampedusa, kwa ajili ya wale waliozama baharini Oktoba 2013. Huku kwetu Montreuil huo hauwekwi shereheni.

mjukuu_wa_kanyigo

Jamani. Nimesoma mara tatu. Leo sikwenda kulala mapema nimesikiliza hiyo New Ancient Strings, taa zimezimwa, nimekaa chini kama mzee alivyosema.

@ngoma_huru wasichana ni tisa. Tisa kati ya kumi na nne, na hapana, hakuna aliyewauliza, hata babu mwenyewe alikuwa anatuita sisi wavulana tukakae karibu nae na sisi tunatoroka kwenda mpira. Nimempigia dada yangu wa Karagwe jana, nikamuuliza kama anakumbuka chochote, akaanza kuniimbia mwanzo wa Rukiza kwenye simu, maneno kabisa, ubeti baada ya ubeti, anasema alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Miaka yote hiyo! Nlishindwa kuongea.

Desemba tunaenda wote Kanyigo, kijijini kwa babu. Kuna mzee mmoja rafiki wa babu bado yupo, vidole havina nguvu lakini anajua kuifunga na kuipatanisha sauti, dada atajifunza kwake na mimi ntarekodi kwa simu. Sasa shida ni uzi. Ule wa zamani ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe, mama mdogo anasema hajui wapi utapatikana siku hizi wala nani anausokota. MzeeKaseti, kule Mali wao nyuzi za kora wanatoa wapi?

MzeeKaseti

Kora zamani ilifungwa nyuzi za ngozi ya paa. Siku hizi ni nailoni, ile mishipi ya kuvulia samaki, unene tofauti tofauti kutoka besi mpaka juu. Hao kina Toumani wote wanapiga mishipi na hamna aliyewaambia sio kora. Kwahiyo nenda duka la vifaa vya uvuvi hapo Bukoba mjini, ziwa liko mlangoni, ila usinunue kabla. Mwambie mama mdogo asiutupe huo uzi uliokatika hata kipande, chukua kipande hicho kwenye karatasi uende nacho dukani mlinganishe unene kwa vidole, ununue unaolingana na mwingine mwembamba kidogo na mwingine mnene kidogo, mzee ataamua mwenyewe akiuvuta. Na ukifika nunua mrefu kuliko unavyodhani, maana enanga umesema mwenyewe ni uzi mmoja unakwenda unarudi, ukipungukiwa mwisho mnaanza upya.

mjukuu_wa_kanyigo

Nimemtumia mama mdogo meseji sasa hivi. Kajibu kwamba kipande cha uzi bado kimening'inia kwenye enanga, na kwamba ataishusha leo aifute vumbi.